UZI: Tamthiliya zilizolala kabatini zisomwe kwa mdomo, macho peke yake hayatoshi

#1 Kabati_la_Makole

Wakuu, salaam kutoka Makole, Dodoma mjini.

Wengi humu tuna tamthiliya kabatini. Nyingine zilibaki tangu sekondari, nyingine zimenunuliwa mtumba, nyingine zimerithiwa pamoja na kabati lenyewe. Ukiuliza zimesomwaje, jibu huwa moja: "Niliisoma, ila haikunikolea kama riwaya." Kitabu hakina kosa. Kosa ni kuisoma tamthiliya kana kwamba ni riwaya fupi yenye majina pembeni. Riwaya hukupa hali ya hewa, mawazo ya mhusika, hata harufu ya jikoni. Mwandishi wa jukwaani anakupa maneno na vielekezo vichache, mengine amewaachia mwigizaji, mpiga ngoma na ukimya. Msomaji asipoyajaza mwenyewe, anabaki na watu wanaopiga domo gizani.

Utaratibu unaofaa kwa mtu aliye peke yake na kitabu chake ni huu. Tafuta penseli laini (2B inatosha, isiwe ya kukwaruza), karatasi mbili za A4, na jioni nne. Usijaribu kuzibana ziwe moja.

Jioni ya kwanza usisome neno la mhusika hata mmoja. Soma orodha ya wahusika, kisha pitia maelezo ya jukwaa tu tangu mwanzo mpaka mwisho: yaliyo kwenye mabano, yaliyolazwa, na yale yanayofungua kila onyesho. Kwa tamthiliya ya kurasa 50 au 60 hii ni kazi ya robo saa. Chora mstatili, huo ndio jukwaa lako. Weka mlango, mti, kitanda, chochote kilichotajwa. Kisha chora jedwali: juu maonyesho, pembeni wahusika. Anayesema mwekee X. Aliyepo jukwaani lakini hasemi kitu mwekee duara.

Hayo maduara ndiyo mali. Mtu anayekaa jukwaani kurasa tatu bila kufungua mdomo, huku wenzake wanapanga maisha yake, macho yakisoma kimya yanamsahau kabisa. Jukwaani hasahauliki, kwa sababu hadhira inamwona muda wote.

Jioni ya pili soma yote kwa sauti, bila kamusi na bila kurudi nyuma. Ukurasa wenye maneno kama 220 huchukua dakika 2 ukiheshimu vituo. Kwa hiyo kurasa 50 ni saa moja na dakika 40 hivi, na unaweza kukata kati pale sehemu moja inapoishia. Ukimaliza kwa dakika 50 umekimbia, umekula vituo vyote.

Jioni ya tatu chagua mhusika mmoja. Soma maneno yake tu, pamoja na mstari mmoja unaomtangulia kila anapojibu, basi. Hapo ndipo utagundua kwamba fulani hajawahi kujibu swali hata moja aliloulizwa, au kwamba mwingine hamtaji mkewe kwa jina mpaka ukurasa wa mwisho.

Jioni ya nne ni ya kuandika. Maswali matatu yanatosha: nani alitaka nini akakikosa? Ni sentensi ipi ukiing'oa mchezo wote unaporomoka? Na ningesikia au kuona nini ambacho hakikuchapwa?

Makosa yanayoharibu zaidi ni mawili. La kwanza ni kulisoma jina la msemaji kwa sauti kila mara ("Kitunda, nukta mbili..."). Linavunja mapigo. Jina lisome kwa jicho, maneno kwa mdomo. La pili ni kuruka mabano. "(Kimya.)" ni tendo kamili. Hesabu mpaka tatu kimoyomoyo, kisha endelea.

Karibuni tujadili, kila mtu na kitabu alichonacho.

#2 MwanaChuo_Ngongona

Shikamoo mkuu. Nimekuelewa, ila naomba kuuliza kitu. Sisi tumelelewa na mwongozo. Unafungua dhamira, unafungua wahusika, mtindo, falsafa, unamaliza. Mtihani wenyewe unauliza hivyohivyo. Hizi jioni nne zinaingia wapi?

#3 Mwalimu_wa_Kongwa

Marahaba kijana, ingawa umemsalimia mwenzangu, nami naipokea.

Mwongozo una kazi yake, ila una zamu yake pia. Ukiusoma kabla ya mchezo, unaua kile mwandishi alichokificha makusudi. Chukua Orodha ya Steve Reynolds, inayosomwa sana sekondari. Mchezo mzima unasimama juu ya swali moja: kuna nini kwenye ile orodha aliyoiacha Furaha? Watu wazima na heshima zao wanahaha wakidhani majina yao yamo. Mwongozo unakutajia kilichomo kabla hujaijua hofu yao. Ukifika mwisho unasema "alaa, ndiyo hivyo," wakati ulipaswa kushtuka. Mimi hapa sitakitaja.

Zamu nzuri ni mchezo kwanza, dhamira zako mwenyewe kwenye karatasi, halafu ndipo mwongozo uje kukusahihisha. Mara nyingi utakuta umeona kitu ambacho mwongozo wenyewe ulikiruka.

Ila Kabati nakupinga kidogo. Jioni nne ni za mtu mwenye nafasi. Darasa la watoto 60 na kipindi cha dakika 40 haliwezi. Darasani chagua kurasa mbili tu, zile mambo yanapogeuka. Dakika 5 za kugawa nafasi, 12 za kusoma, kisha badilisha wasomaji na urudie zile zile kwa dakika 12 nyingine, zinazobaki ni za maswali. Kurudia ndiko kunakofundisha. Mara ya kwanza mtoto anapambana na herufi, mara ya pili anaanza kumsikia mtu. Walimu wengi wanakwama kwa sababu wanataka kumaliza kitabu chote kwa sauti. Hakimaliziki, wanakata tamaa, wanarudi kwenye kuandika ubaoni.

#4 Kabati_la_Makole

Mwalimu hapo sina ubishi. Na kurasa mbili zikichaguliwa vizuri zinafungua kitabu chote. Nitoe mfano wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, kwa sababu ipo kwenye makabati mengi.

Kila mtu anakumbuka maji, ile dawa ya kuzuia risasi. Wachache wanakumbuka neno moja analolisema Kinjeketile akiwa bado ameshikwa na pepo aitwaye Hongo. Watu wamekusanyika, wamechoka na mashamba ya pamba ya Bwana Kinoo, na hapo wanaambiwa wataungana, watapewa maji, watamshinda Mjerumani. Humohumo anawaambia watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia. Msomaji wa kimya naye anashangilia na umati, anafunua ukurasa.

Sasa litazame lile neno. Seyyid Said alikwisha kufa tangu 1856, naye alikuwa Sultani aliyetawala akiwa Unguja. Kuwa watoto wake maana yake ni kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Kinjeketile akirudiwa na akili zake, ni neno hilo linalomtia hofu, wakati wenzake wameshalibeba na wanakwenda nalo.

Lifanyie jaribio hili. Mkiwa watu wanne, mmoja asome maneno ya Kinjeketile, watatu washangilie kweli pale panaposema umati unashangilia. Neno linamezwa na kelele. Hamlisikii. Hivyo ndivyo watu wa kwenye mchezo walivyolikosa, na hakuna uchambuzi wa maandishi unaoweza kukuonyesha jambo hilo kwa wepesi huo.

Halafu nenda mwisho, gerezani. Anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa. Wengi wanaandika "ni mkaidi" au "ni shujaa" wanapita. Soma kwa mdomo wake, ukikumbuka kwamba hofu juu ya lile neno anayo tangu mwanzo. Anayekataa ni mtu mwenye shaka kubwa kuliko wote jukwaani, na anakataa kwa sababu anaona watakaozaliwa watafundishwa nini siku akitamka hivyo. Shaka na kukataa vipo kinywani mwa mtu yule yule. Msomaji akilitoa hilo kwa sauti ya kishujaa tupu, ameharibu. Jaribu kwa sauti ya chini, ya mtu aliyepigwa na kuchoka.

Jambo dogo la nyongeza: msiruke dibaji. Mwandishi mwenyewe anatuonya kwamba huyu ni Kinjeketile wa jukwaani, aliyeumbwa na fikra. Tusiigeuze tamthiliya kuwa kitabu cha historia ya Maji Maji.

#5 Binti_Mpwapwa

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Niongeze kwenye hiyo hiyo Kinjeketile. Inaanza na wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, na mazungumzo yao ni ya chakula kilichoadimika. Wasomaji wengi wanayaona ni utangulizi, wanayakimbiza ili wafike kwenye vita. Kwa sisi wa huku Ugogo hapo si pa kukimbiza. Huku njaa zina majina, kama Mtunya ya baada ya 1917, na wazee wanahesabia nayo miaka. Ukilisoma onyesho lile taratibu, unaelewa kwa nini maji yalipokelewa haraka vile. Tumbo lilikwisha kuamua.

Lakini nilikuja hasa kwa ajili ya Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982). Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kusimamisha nguzo. Mchezo mzima ndio huo: nguzo ipo chini, isimame. Wapo Bi Msimulizi na wanawake wanaoitwa kwa namba, Bi Moja, Bi Pili na kuendelea. Ukisoma kimya, baada ya kurasa kumi umeshaisahau nguzo, unafuata magomvi tu: mara mume, mara pesa, mara wivu. Unamaliza unasema "wanawake hawapendani," na hapo umeukosa mchezo kabisa.

Dawa yake ni rahisi. Wakati wa kusoma laza kitu kizito sakafuni katikati yenu. Mpini wa jembe haufai, ni mwepesi mno. Mchi wa kinu ni mzuri, wa mita moja na nusu hivi. Kila maandishi yanapowaambia wajaribu kunyanyua, nyanyueni. Kila mmoja anapoondoka kwenda kwenye shughuli yake, aachie kweli. Mtaona uzito unavyowaangukia waliobaki, na mtaona kwamba kila anayeondoka ana sababu inayoeleweka. Uzembe hauonekani. Kinachoonekana ni mikono inayopungua. Hapo swali linabadilika lenyewe: badala ya kuuliza wanawake wana nini, unauliza nani kawavuta mmojammoja.

#6 Zeze_na_Marimba

Dada umenena. Na mimi nina lalamiko langu kuhusu ngoma.

Tamthiliya zetu zimejaa maelezo kama "ngoma inasikika" au "wanaimba na kucheza". Msomaji anaona ni pambo, anaruka. Waandishi wengi wa kizazi cha miaka ya 1970 na 1980 waliweka ngoma ifanye kazi ya kusimulia, kukata onyesho, au kumjibu mhusika. Ukiiruka umeruka mhusika.

Kama kitabu hakitaji ngoma yenyewe, chagua moja unayoijua, uitaje kwa penseli pembeni. Kwa mtu wa Dodoma muheme ipo karibu: wanawake wanapiga, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, ile kubwa inaongoza na ndogo zinajibu. Ukiisikia kichwani, mwendo wa maneno yanayofuata unabadilika. Maneno yanayotoka baada ya muheme kunyamaza yana upweke ambao karatasi peke yake haina. Ila muwe waangalifu: mchezo ukiwa na mila yake, usiubandike ngoma ya kwenu. Ngoma ya Ng'wanamalundi ya Emmanuel Mbogo ni ya Usukuma mpaka jina. Humo tafuta mapigo ya Kisukuma, hata kwa kusikiliza rekodi kwanza dakika kumi kabla hujafungua kitabu.

Nyimbo nazo zisisomwe kama mashairi. Kama hujui sauti yake, tunga yoyote, hata ya noti tatu. Kiitikio kikija mara nne, kiimbe mara nne. Watu wanaimba mara ya kwanza wanaruka tatu, halafu wanashangaa mbona mwisho hauna uzito. Uzito ulikuwa kwenye ile mara ya nne.

#7 Msomaji_wa_Manyoni

Naunga mkono. Na yale majina ya vitabu jamani yasipitwe. Lina Ubani ya Penina Muhando (1984) inaijibu methali: la kuvunda halina ubani. Mwandishi anasema lina. Ukilishika hilo kabla ya ukurasa wa kwanza, unasoma ukiutafuta ubani upo wapi na uozo ni upi.

Vivyo hivyo Kwenye Ukingo wa Thim ya Hussein (1988). Thim kwa Kijaluo ni pori. Kesi ya maziko iliyotikisa Kenya mwaka 1987 ipo nyuma yake. Ukijua neno lile, unasoma kila onyesho ukiuliza nani anamwita mwenzake mtu wa porini, na pori lenyewe liko upande gani wa ukingo.

#8 Mfunga_Vitabu

Habari za jioni wadau. Uchambuzi ni mzuri, lakini vitabu vyenyewe vinakufa. Tamthiliya nyingi za miaka hiyo ni vitabu vyembamba, karatasi hafifu, mgongo wa gundi au pini mbili. Hali ya hewa ya Dodoma ina wema na ubaya wake. Ukungu ni mdogo kuliko pwani, ila ukavu unaikausha gundi mpaka inakatika kama biskuti, vumbi linaingia kila mahali miezi ya upepo, na mchwa hawana likizo.

Usikikunjue kitabu kikalala bapa. Nyuzi 90 mpaka 100 zinatosha. Kama unasoma kwa sauti na unataka mikono huru, weka vitabu viwili vinene kulia na kushoto, chako kiegemee kati kama herufi V.

Kabati lisimame sentimita 15 kutoka sakafuni na 5 kutoka ukutani. Ile nafasi ya ukutani ndiyo itakayokuonyesha njia za udongo za mchwa kabla hawajafika kwenye vitabu. Miguu iingie kwenye makopo yenye oili chafu, kina cha sentimita 2 au 3, na uongeze inapopungua. Kagua kila wiki, hasa baada ya mvua za kwanza za Desemba, kumbikumbi wakisharuka. Usipake mafuta ya taa kwenye vitabu. Yanaacha doa, harufu haitoki, na ni hatari ya moto.

Vumbi: kibane kitabu kifunge kabisa, tumia brashi ya rangi ya inchi 2 iliyo mpya, piga kutoka mgongoni kuja nje. Kitambaa kibichi hapana. Kinaligeuza vumbi kuwa tope kwenye kingo.

Ukurasa uliong'oka usiurudishe kwa seloteepu. Baada ya miaka michache inakuwa njano, gundi inapenya kwenye maandishi, na ukiibandua inaondoka na herufi. Tumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana, kwa njiti ya kiberiti, mstari wa milimita 3 ukingoni mwa ukurasa. Weka plastiki pande zote mbili ili isishike kurasa jirani, funga, weka uzito wa kilo 2 juu, acha usiku mzima. Gundi ikizidi, ukurasa unakunjamana na hautanyooka tena.

Kitabu kilichotoka pwani na harufu ya ukungu kisimamishe wazi kama feni, kivulini penye hewa, siku mbili. Ndipo ukipige brashi nje ya nyumba. Jua la moja kwa moja linapindisha majalada.

Jambo la mwisho, kwa wanunuzi wa mtumba: hesabu kurasa kabla ya kulipa. Vitabu hukusanywa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32. Fungu likidondoka, ukurasa 32 unafuatwa na 49, na kwa kuwa tamthiliya ina nafasi nyeupe nyingi, macho hayashtuki. Nakala za kudurufu ndizo mbaya zaidi, mistari ya chini inakatwa, na mistari ya chini mara nyingi ndiyo yenye maelezo ya jukwaa.

#9 MwanaChuo_Ngongona

Ahsante sana mkuu, hii ya mafungu sikuijua. Swali lingine: Amezidi ya Said Ahmed Mohamed (1995). Nimeisoma kwa utaratibu wa Kabati mpaka jioni ya pili, nimekwama. Hakuna kinachotokea. Ame na Zidi wapo pangoni wanazungumza tu.

#10 Kabati_la_Makole

Ni kweli, kwa Amezidi swali la "nini kinatokea" halisaidii. Wataalamu wanaiweka kwenye tamthiliya za ubwege, ukoo mmoja na michezo iliyoshamiri Ufaransa miaka ya 1950, ile ya watu wawili wanaomngoja mtu asiyekuja. Huko tukio halijengwi kama ngazi, linazunguka.

Badilisha jedwali. Badala ya maonyesho na wahusika, andika maneno na vitendo vinavyorudi, mbele yake namba za kurasa. Kinachorudi mara ya tatu mara nyingi kimebadilika kidogo: sauti imepanda, au kimehamia kinywani mwa mwingine. Hilo badiliko dogo ndilo tukio. Na majina yao ukiyaunganisha yanakupa jina la kitabu, maana yake kila mmoja ni nusu ya sentensi. Soma ukimsikiliza mmoja anavyoihitaji nusu nyingine hata anapoichukia.

Usisome kwa sauti ya huzuni. Kosa la kawaida kwenye ubwege ni kuanza na majonzi tangu ukurasa wa kwanza. Soma kwa uchangamfu, kama watu wanaoamini kabisa wanachokisema. Giza litakuja lenyewe.

#11 Mwalimu_wa_Kongwa

Na tafsiri je? Kabatini kwangu Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere imekaa sawa na za Hussein. Aliitoa 1963, nchi ikiwa changa na yeye akiwa rais, kisha akairudia na kuitoa upya 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Pale jina tu ni somo: kwa Shakespeare mfanyabiashara ni mmoja, kwa Nyerere ni mabepari, wengi, na ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha.

Ugumu wake kwa sauti ni mistari. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo karibu kila mstari unashuka mwishoni. Ukipumzika kila mstari unapoishia, unapata wimbo wa kubembeleza mtoto. Pumzika penye alama ya kituo tu, hata kama mstari umekatwa kati. Jaribuni kwenye hotuba mbili za msibani, tendo la tatu, onyesho la pili. Kwa Shakespeare, Brutus anasema kwa nathari na Antoni kwa mistari. Fungueni nakala zenu mtazame upande wa Kiswahili umepangwaje, kisha msome zote mbili mfululizo. Mmoja anaeleza, mwingine anachochea. Koo lako litakuambia tofauti kabla akili haijafika.

#12 Binti_Mpwapwa

Swali la vitendo. Tupo wanne, tunakutana Jumamosi alasiri, na tamthiliya nyingi zina wahusika kumi na zaidi. Tunagawanaje bila kuchanganyikiwa?

#13 Kabati_la_Makole

Rudi kwenye jedwali la jioni ya kwanza, dada. Kanuni ni moja: wahusika wawili wasiokutana kwenye onyesho lolote wanaweza kusomwa na mtu mmoja. Anza na mwenye X nyingi, huyo apate msomaji wake peke yake. Anayefuata kwa X nyingi apewe wa pili. Wengine wagawiwe wa tatu na wa nne mpaka pakigongana. Pakigongana, msomaji wa pili asaidie. Maelezo ya jukwaa yapewe mtu ambaye ana wahusika wachache, naye ayasome kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza. Wakiyasoma wote kwa zamu mchezo unakatikakatika.

Mtu mwenye nafasi mbili atofautishe kwa mahali, asitofautishe kwa kubana koo. Akiwa mmoja anasoma amekaa, akiwa mwingine anasimama. Sauti za kubana zinachekesha dakika tano, baadaye zinachosha.

Nakala ikiwa moja, msikae mezani mkipokezana kitabu. Kaeni wawili kila upande, kitabu kati, anayefuata kusema ahesabu mistari zamu yake inapokaribia. Nakala mbili kwa watu wanne ndiyo hali nzuri ya kutosha. Zaidi ya watu saba mchezo unageuka mkutano.

Kwa kuanzia msichukue yenye umati. Mashetani ya Hussein (1971) ni nzuri: mzigo mkubwa wanaubeba Juma na Kitaru, na kuna mchezo ndani ya mchezo, wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu. Wanaosoma Shetani na Binadamu wasibadilishwe mnapofika kwa vijana wenyewe. Aendelee yule yule, ili masikio yenu yasikie nani kati ya marafiki wale alibaki na sauti ya nani.

Jogoo Kijijini, ya Hussein pia, muiache mpaka mwezi wenu wa pili wa kusoma. Hiyo imeandikwa kwa mtambaji mmoja, na mkigawana mtaipasua.

#14 Msomaji_wa_Manyoni

Ngoswe je, kwa watu wanne? Penzi Kitovu cha Uzembe, ya Edwin Semzaba.

#15 Mwalimu_wa_Kongwa

Inawezekana kabisa. Ngoswe na Mazoea kila mmoja apate msomaji wake, Mzee Mitomingi wa tatu, Mama Mazoea na wengine wa nne, mkilifuata jedwali. Kuna kazi moja tu ya kufanya kabla: Ngoswe ni karani wa sensa, na kitabu kilitoka mwaka 1988, mwaka wa sensa, kwa hiyo chukueni karatasi kumi tupu, ziwe ndiyo madodoso. Zikae mkononi mwa Ngoswe tangu anapoingia kijijini. Kila anapoingia kwenye mambo ya Mazoea, aziweke chini. Msomaji wa maelezo aandike pembeni ukurasa ambapo ziliwekwa na ukurasa ambapo zilishikwa tena. Mkifika zinapoteketea, hesabuni zilikaa sakafuni kurasa ngapi, ndipo mjadili moto uliwashwa na nani.

#16 Binti_Mpwapwa

Tumeelewana. Jumamosi ni Mashetani, nakala mbili zipo. Mchi tunaurudisha jikoni kwanza mpaka zamu ya Nguzo Mama.